Filemoni Shemboza na Picha ya Mzee Leboo

Wachungaji na wazee wetu, shikamooni, ndugu na majirani, poleni, familia imenituma niwasomee safari ya ndugu yetu Filemoni Shemboza, nami nitaisoma kama alivyopenda mambo yote, bila haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Lutindi, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 1963, na mwaka 1966 aliteremka Korogwe kujifunza kazi ya picha, kazi ambayo baba yake aliiita uvivu wa kukaa gizani. Mwezi Agosti 1987, biashara zilipofunguliwa, karatasi na dawa za kusafishia picha zikaanza kuonekana madukani, alifungua studio yake Manundu, na tangu hapo harusi nyingi za mjini hazikukamilika mpaka yeye awapange watu kwa ukali.

Tarehe 7 Desemba 1974 alikuwa amefunga ndoa na Naitoi, binti wa mzee Leboo, mfugaji wa Handeni, wakajaliwa watoto watatu, Valerian, Nemayian na Lukasi. Ukweli usemwe, ukweni hawakumfurahia, kwa kuwa mwanamume asiye na hata ndama, kwao, hajawa mtu mzima, na kwa miaka mingi Filemoni alikaribishwa chai, akanywa, akaaga. Jambo hilo lilimuuma sana, ingawa alilichekea.

Mzee Leboo alifariki mwaka 1991, akiacha picha moja tu, amesimama kivulini mlangoni mwa zizi, ng'ombe wake nyuma yake kwenye jua kali. Mwanawe Lenku aliipeleka filamu Tanga kwenye mashine mpya ya picha, mara ya kwanza ng'ombe wakatoka vizuri na mzee akawa mkaa, mara ya pili uso ukaonekana na ng'ombe wakayeyuka katika weupe, na mjane, bibi Nkasiogi, akauliza huyo Leboo asiye na ng'ombe ni Leboo gani. Ndipo walipokumbuka kuwa binti yao ameolewa na mpiga picha.

Filemoni alijifungia katika chumba cha giza, ambako mwanga ndio unaotia weusi kwenye karatasi ya picha, akaukinga uso kwa kipande cha kadi kilichofungwa kwenye waya ili mwanga wa taa usiufanye mweusi, na ng'ombe akawaongezea mwanga mpaka rangi na pembe zao zikarudi, lakini picha ya kwanza ilikuwa na duara jeupe kuzunguka kichwa, na bibi Nkasiogi aliirudisha akisema mumewe hakuwa malaika, anamjua. Alirudia, safari hii akiitikisa kadi bila kutulia, akaharibu karatasi nyingi, hadi uso na ng'ombe vikakaa pamoja. Bibi aliipokea, akawataja ng'ombe mmoja mmoja kwa majina, akafika kwa mumewe, akalia. Siku hiyo alimpa Filemoni mtamba, ng'ombe wake wa kwanza, na mcheza kwao hutunzwa.

Januari 1997 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Korogwe, kisha Tanga, hadi tarehe 2 Julai 1998 alipoaga dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Manundu, wapiga picha wenzake waliofunga studio leo, na ndugu wote wa Handeni. Bibi Nkasiogi ameupanda mlima huu kwa mara ya kwanza, tumempa kiti cha wageni amekikataa, ameketi mkekani pamoja na wafiwa, na kwa ruhusa yake namalizia hivi: mwana wa Lutindi, mkwe wa Leboo, pumzika kwa amani.