Mama Kadi, Aliyezikataza Kadi Mezani Pake

Wapendwa waombolezaji, tunamshukuru Mungu aliyetuazima dada yetu kwa miaka sitini na miwili, na kwa ruhusa yenu mdogo wake anawasomea maisha yake polepole, bila haraka, kama yeye mwenyewe alivyopenda mambo yafanywe.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Kadi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa baba mshona viatu na mama muuza maziwa, na mwaka 1968 alipoanza shule ya msingi mwalimu alimkalisha peke yake kwa sababu ya maneno mengi, lakini kabla ya mapumziko akamkuta amezungukwa na wenzake wanne. Alimaliza sekondari mwaka 1979, akasomea uchapaji, akaajiriwa, na tarehe 2 Mei 1988 akafungua chumba chake cha kuchapa nyuma ya duka la dawa, akichapa risiti, mialiko, na zaidi ya yote kadi za biashara.

Tarehe 12 Agosti 1994 alialikwa hotelini kwenye chakula cha jioni cha wafanyabiashara, akarudi na mkoba uliojaa kadi, nyingi alizozichapa mwenyewe, akajaribu kukumbuka sura ya mmoja tu wa wenye kadi hizo, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Alhamisi iliyofuata aliondoa karatasi kwenye meza yake kubwa ya kukatia, akachemsha chai, akawaita watu wanane wa kazi mbalimbali, kwa sharti kwamba kadi zibaki nyumbani na kila mtu aje na jambo moja linalomshinda kazini. Mdogo wake huyu anayewasomea, aliyekuwa mshirika wake katika uchapaji, alimwambia, "Dada, wewe ni muuza sabuni unayekataza watu kuoga," naye akajibu, "Waoge kwao, hapa waje na uchafu wao."

Hapo ndipo fundi wa lifti aliposema kwamba mashine hazimsumbui, linalomshinda ni mtu aliyekwama ndani anayepiga kelele, na mkunga aliyekaa mbele yake akamwambia, "Usimwambie atulie, kaka yangu, hakuna anayetulia kwa kuambiwa, muulize akitoka atakula nini." Fundi alirudi Alhamisi ya pili kushukuru, akarudi nyingine, na nyingine, hata alipokuwa hana tena linalomshinda, watu wakaanza kuelewa, na tarehe 20 Januari 1996 yeye na marehemu wakafunga ndoa, Mungu akawajalia binti tarehe 3 Juni 1998.

Binti alisomea masoko, akataka meza ya mama yake ihamie ukumbini, kwa tiketi, vitambulisho vya kifuani na watu mia tatu, na mama akamjibu, "Mwanangu, watu mia tatu hawasikilizani, wanapungiana mikono tu," wakabishana miaka mitano, kwa upendo, bila kukubaliana, na binti hakukaa mezani hata Alhamisi moja.

Februari 2023 marehemu alipatikana na maradhi ya ini, akalazwa, na mwezi Agosti akarudishwa nyumbani, ambako wenzake waliibeba ile meza hadi sebuleni ili awasikie akiwa kitandani. Kifo hakukiogopa, kwa kuwa alimwamini Mungu wake, aliogopa kwamba akifumba macho meza itageuka ukumbi. Alhamisi ya tarehe 14 Septemba binti alivuta kiti, akakaa, na zamu yake ilipofika akasema, "Langu si la kazini. Sijui kumuuguza mama. Kila nikiingia chumbani naongea habari za ukumbi, kwa sababu naogopa kunyamaza." Muoka mikate akamweleza yeye alivyokaa na baba yake mwenyewe alipougua, mkunga akamwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa, na dereva wa lori akasema yeye alikuwa akiimba vibaya makusudi ili mgonjwa wake apate la kukosoa, ndipo sauti ya marehemu ikatoka chumbani, "Mwambieni asijaribu, ataniua kabla ya siku zangu!" Nyumba nzima ikacheka, na wiki hiyo hiyo wenye ukumbi aliokuwa ameuulizia walipopiga simu, binti aliwashukuru, akawaambia kwamba sebuleni viti vinatosha.

Marehemu aliitwa na Mungu alfajiri ya Alhamisi, tarehe 5 Oktoba 2023, mume wake akiwa miguuni pake, na binti yake ameushika mkono wake, amenyamaza, wala haogopi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani walioleta viti na kuvisahau, na wenzake wote wa Alhamisi. Dada yetu, umetukutanisha vya kutosha, sasa Mungu akukaribishe kwake, pumzika kwa amani.