Mashine Iliyosema Baba Yuko Bomani

Benchi la kahawa la Mokami liko mtaa wa Bomani, ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, na sheria yake ni moja. Vikombe hupangwa mstari mmoja juu ya ubao, na anayekaa mwisho hufunika kikombe kimoja pembeni yake. Mokami humimina kutoka kushoto, macho yakiwa kwenye jiko la mkaa, mpaka akute kilichofunikwa. Siku hiyo wateja wengi walikuwa wameshaondoka. Walibaki Erasto, aitwaye Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi mara moja, na Sylvester, aitwaye Sirari, kama ule mji wa mpakani, kwa sababu kila balaa kwake linatokea huko. Elieth, binti wa Mokami, alikuwa na kompyuta mapajani. Chuo kilitaka kazi yake kabla ya saa nane mchana: shell ndogo ya lugha ya C, programu ya kupokea amri na kuitekeleza. Ikikataa, anarudia somo mwakani.

Elieth akaandika: echo mama yuko Bomani. Mashine ikarudisha: mama yuko Bomani.

— Si hiyo inafanya kazi? akasema Wakili.

— Subiri kwanza. Echo inarudia maneno ninayoiwekea mbele. Sasa naandika echo baba, basi.

Mashine ikajibu: baba yuko Bomani.

Wote wakamgeukia Mokami. Mume wa Mokami alikuwa na wiki ya tatu Kerende, kwenye machimbo.

— Mama Elieth, mumeo aliaga anakwenda wapi?

— Wewe kunywa kahawa yako, Wakili.

— Huo ni mtandao wa Kenya, akasema Sirari. Simu yangu ikivuka tu Sirari inaanza kunikaribisha. Wanaingiza maneno.

— Sijawasha mtandao, baba.

— Ndiyo hatari yenyewe! Wameingia bila kuwashiwa!

— Mura, ndugu yangu, acha hizo, akasema Wakili. Huu ni ushahidi. Mashine haina undugu na mtu. Imemwona mzee. Tena nadhani ni kule nyuma ya stendi, nyumba ya geti la bluu.

— Wewe geti la bluu umelijuaje? akauliza Sirari.

Wakili akapuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa.

Mokami hakucheka. Saa ilikuwa sita na nusu. Akashika birika akamimina, moja, mbili, tatu, nne.

Nyangwine, mgeni kutoka Kenyamonta, alikuwa amesimama na kamba ya ng'ombe begani, akingoja kahawa.

— Shikamoo, baba, akasema Elieth.

— Marahaba. Hayo maneno unayapeleka vipi humo ndani?

— Nakata amri neno kwa neno, nayapanga kwenye safu, kisha namkabidhi anayetekeleza. Safu ni ile ile kila mara.

— Na huyo anayetekeleza anajuaje kwamba yameisha?

Wakili akamtazama Sirari. Sirari akatazama upande wa mpakani.

— Mama, akasema Elieth taratibu, hivyo vikombe viwili vya mwisho umemmiminia nani?

Mokami akatazama ubao. Watu wawili, vikombe vinne vinavyofuka moshi. Viwili vilikuwa vya karani na mwenzake, waliokwenda ofisini tangu saa tatu.

— Sirari! Umekaa mwisho, hujafunika!

— Nilijisahau, mama.

— Na mimi sijafunika, akasema Elieth.

Amri ya kwanza ilijaza nafasi nne. Ya pili ilijaza mbili tu, na maneno "yuko Bomani" yakabaki palepale, yakihesabiwa kama ya amri mpya. Akaongeza mstari mmoja: baada ya neno la mwisho, weka NULL, alama kwamba maneno yameisha. Hapo ndipo msomaji wa safu husimama. Akaijenga programu upya, akaandika ile amri ya kwanza, kisha tena echo baba.

Mashine ikajibu: baba.

— Sasa imeficha, akasema Wakili. Haisemi yuko wapi!

— Yuko Kerende, akasema Mokami. Elieth, jaribu mara tatu, kisha tuma.

Akampa Nyangwine kikombe cha karani, kingali cha moto, kisha kile cha pembeni yake akakimwaga na kukifunika mwenyewe.