Nani Kaizima Waifai?

Benchi lenyewe ni la mbao, refu, limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya shule. Mguu wake mmoja ni mpya kuliko mitatu mingine, kwa sababu Patasi, seremala wa karakana ya ng'ambo ya barabara, aliubadilisha kwa hiari yake na hajaacha kuwakumbusha watu. Hapo hukaa yeye Patasi. Hukaa Wembe, kinyozi ambaye wateja humwita kwa kelele kutoka mlangoni mwa saluni. Hukaa Chaji, fundi simu. Na Profesa, muuza kahawa, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna binadamu aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Simu hapo hazishiki, mtu akipigiwa lazima apande juu ya benchi. Lakini duka lina waifai, na mwenye duka si mchoyo. Kijiwe kina sheria moja tu: tatizo likishaletwa benchini ni la wote, na mwenyewe haruhusiwi kuondoka nalo mpaka birika la kahawa liishe. Kwa sheria hiyo Wembe amewahi kumwacha mteja na nusu kichwa.

Siku hiyo Patasi alivuka barabara na laptopu kwapani, amenuna. Laptopu ilikuwa ya mdogo wake wa kike, aliyemlea mwenyewe tangu wazazi wao watangulie. Binti kamaliza masomo ya maabara, na hospitali moja ya mji wa mbali ilikuwa imhoji kwa video ya mtandaoni saa tisa alasiri hiyo hiyo, yeye akiwa kwenye chumba cha nyuma cha duka. Nafasi yenyewe ilikuwa moja. Patasi alikuwa na hofu, na kwa kuwa hakupenda kuiita hofu, aliiita hasira na kuitafutia pa kutua.

– Chaji, njoo uone ulichokifanya, alisema, akamwekea laptopu mapajani.

– Hata salamu, kaka?

– Salamu utaipata saa tisa, mdogo wangu akishahojiwa. Tangu uiwekee huo mfumo wako mpya wa Linux, waifai haishiki.

– Kaka, Linux niliiweka kwa sababu mfumo wa zamani ulikuwa unaamka kama mgonjwa. Unawasha, unakwenda kuoga, unarudi, bado unajinyoosha. Na ilipotoka mikononi mwangu waifai ilikuwa inashika vizuri. Nilitazama nayo mpira.

– Ilipotoka mikononi mwako! Kila fundi husema hivyo. Hata mimi kiti kikivunjika husema hivyo hivyo.

Wembe alikuwa ameinama. Skrini haikumshughulisha.

– Na huu urembo wa ubavuni, Patasi? Mbona laptopu imevaa kama bwana harusi?

Patasi akalainika kidogo. Laptopu iliwahi kuanguka ikapasuka ubavu wa kulia, na siku aliyoichukua kwa Chaji aliipeleka moja kwa moja karakana. Alichonga ukanda mwembamba wa msaji, kutoka kwenye meza ya marehemu mama yao, akaupiga msasa mpaka ukalala sawasawa na plastiki, akautia gundi, akaubana kwa vibanio usiku kucha, asubuhi akaupaka vanishi. Mdogo wake alipouona aliupitishia kidole, akasema, "Basi siku ya kuhojiwa mama naye atakuwepo." Patasi alilazimika kutoka nje akatafute kazi ya kufanya.

– Tulieni, alisema Chaji. Naiuliza yenyewe.

Akafungua dirisha jeusi, akaandika maneno yake ya kifundi. Vichwa vitatu vikamwinamia.

– Kadi ya waifai ipo, alisema.

– Na ile draiva uliyosema huwa inasumbua? Patasi aliuliza.

– Draiva, programu inayoiendesha kadi, ipo, inafanya kazi. Lakini inasema kadi imezimwa.

– Imezimwa na nani?

– Hilo haisemi. Ngoja niiwashe. Akaandika. Akaandika tena. Inagoma, alisema. Inasema mfumo haukuizima, kwa hiyo mfumo hauwezi kuiwasha. Aliyeizima yuko nje ya mfumo.

Chaji akabonyeza vitufe vya juu kimoja kimoja. Akaigeuza laptopu, akatafuta swichi mbele, nyuma, kushoto. Kulia akaukuta msaji wa Patasi unang'aa, akaipindua tena.

– Nje ya mfumo! Profesa alidaka, akimimina kahawa bila kutazama kikombe. Hapo ndipo penyewe. Hii Linux inauzwa pesa ngapi?

– Haiuzwi. Ni ya bure.

– Basi! Mkono mtupu haulambwi. Waifai imeona hakuna aliyelipwa, imesusa.

– Haijasusa, alisema Wembe. Kadi imeishi na mfumo wa zamani miaka yote. Mnamwoza mjane hata machozi hayajakauka, halafu mnataka acheke? Mpeni muda. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

– Hiyo methali inaingiaje?

– Inaingia. Linux ni mgeni, na leo ni siku ya tatu. Mpeni jembe.

– Saa tisa haitangoja jembe, Patasi alisema. Chaji, waya je? Huwezi kuunganisha na simu kwa waya?

– Naweza, kaka. Lakini simu hapa mpaka ipande juu ya benchi. Binti ahojiwe amesimama, na mimi nimemshikia laptopu kama trei?

– Msihangaike na waya, Profesa alisema, akaelekeza kidole juu ya paa la jirani. Lile dishi la televisheni. Wiki iliyopita lilikuwa linatazama kule. Leo linatazama wapi?

Wakatazama. Ni kweli, dishi lilikuwa limegeuka.

– Linatazama duka, Profesa alijijibu. Linanyonya waifai. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

– Dishi liko juu ya paa, Profesa, si nguoni.

– Na paa ni nini kama si nguo ya nyumba?

Wembe akatikisa kichwa kwa huruma, kama anavyowatikisia wanaonyoa nyumbani.

– Dishi dogo lile halina nguvu hizo. Sikilizeni. Wenye mfumo wa zamani wana mnara mahali fulani. Mtu akiuondoa mfumo wao, kule kengele inalia. Kuna mzee amekaa, ana miwani, kazi yake ni hiyo tu. Kengele ikilia anasoma jina lako, anabonyeza, kadi yako imekwisha.

– Huyo mzee halali?

– Wanapokezana.

– Basi tumpigie simu.

– Utapanda benchi wewe?

Wote wakacheka isipokuwa Patasi. Alisimama, akanyoosha mkono aichukue laptopu aipeleke kwa fundi mwingine huko mjini. Profesa akalitikisa birika karibu na sikio lake: bado lina kitu. Patasi akakaa, kwani sheria ni sheria.

– Chaji, sema tu umeiharibu, yaishe. Mimi nimeshamwambia mdogo wangu tangu jana kwamba Chaji kaiharibu.

Vidole vya Chaji vikasimama.

– Umemwambia hivyo?

– Nimemwambia.

– Sawa, kaka.

Chaji ni mtu wa utani, na kijiwe kilingoja utani. Haukuja. Akaendelea kuandika kwenye dirisha jeusi, kichwa chini, maneno yale yale aliyokwisha kuyaandika. Patasi aliona masikio yake yamewiva, na moyoni akajisikia vibaya, lakini neno likishatoka halirudi kinywani. Akanywa kahawa ili asiseme lingine.

Hapo akatokea mama mmoja, mgeni wa mtaa, mkoba begani.

– Hamjambo? Nimetoka hapo karakana, nimekuta patupu. Namtafuta seremala, nataka kitanda cha mtoto.

– Seremala ni mimi, mama, alisema Patasi. Lakini nipe nafasi kidogo, nina msiba mdogo hapa.

– Pole sana. Mama akaitazama laptopu mapajani mwa Chaji. Na hii kazi ya ubavuni ni yako?

– Ni yangu.

– Nzuri kweli, haionekani hata ilipoungwa. Nyumbani nina redio, imepasuka hivi hivi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba swichi yake ya kuwashia iko hapo hapo penye ufa. Kwani hii yako, chini ya mbao hapakuwa na kitu?

Wembe alitazama viatu vyake. Profesa alifungua mdomo, akaufunga, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kiwe kijiwe akakosa la kusema. Chaji aliinua macho polepole kutoka kwenye skrini. Hakuitazama mbao, alimtazama Patasi.

Patasi alikuwa amekumbuka. Kilikuwepo kijidude cheusi, kama punje ya mchele, kilichokuwa kinainua mbao isilale. Kilimuudhi. Seremala gani anakubali mbao iliyoinuka? Alikisukuma kwa ukucha kikaenda pembeni, ndipo ukanda ukakaa, akapaka gundi, akabana.

Akainuka, akavuka barabara, na birika bado lina kahawa. Hakuna aliyemkumbusha sheria. Alirudi na ile zana aliyopewa jina lake, akaiweka laptopu juu ya benchi, akaanza kuubandua ukanda taratibu kutoka pembeni. Lakini gundi alikuwa ametia mwenyewe, na yeye hatii gundi ya kubahatisha. Msaji ukalia kidogo, ukapasuka vipande viwili. Swichi ya waifai ikaonekana. Akaisukuma kwa ukucha ule ule.

Taa ndogo ikawaka. Chaji akasubiri kidogo, kisha akasema bila kupandisha sauti:

– Imeshika.

– Mzee wa mnara kasinzia, Wembe alinong'ona, na hata yeye mwenyewe hakucheka.

Mama mgeni alisema atarudi kesho kwa habari ya kitanda. Ya redio hakuitaja tena.

Mdogo wake Patasi alifika amevaa blauzi nyeupe iliyonyooshwa pasi mpaka mikononi. Aliwaamkia wote, akaichukua laptopu, na kidole chake kikaenda chenyewe ubavuni kama ilivyokuwa desturi yake. Kikakuta gundi na makovu. Akasimama.

– Mbao yangu iko wapi?

Akamgeukia fundi simu.

– Chaji, na mbao pia umeivunja?

Chaji alikuwa na la kusema, na mashahidi wawili. Alikiinua kikombe chake akanywa, ingawa kila mtu aliona ni kitupu. Profesa aliinamisha birika kumwongezea, yakatoka matone mawili na masimbi yaliyotuama chini. Kahawa ilikuwa imekwisha, na yeyote alikuwa huru kuondoka na tatizo lake.

Patasi hakuondoka. Alitoa mfukoni vipande viwili vya msaji.

– Chaji hajaharibu kitu, wala jana hakuharibu. Nilimsingizia. Waifai niliizima mimi, nilipokuwa napendezesha. Na mbao nimeivunja mimi.

– Wewe, kaka?

– Mimi. Nenda, mama, wanakungoja. Usinitazame hivyo, utaingia na machozi.

Huwa anamwita hivyo, mama, siku ngumu tu. Binti alivitazama vile vipande mkononi mwa kaka yake, akachukua kimoja, akakitia mfuko wa blauzi, upande wa moyo. Kisha akamwambia Chaji, "Samahani, kaka Chaji," akaingia dukani. Mlango wa chumba cha nyuma ukasikika ukifungwa.

Wanaume wanne wakabaki wanautazama ukuta kana kwamba una dirisha. Patasi alikuwa amekalia ncha ya benchi, kipande cha pili kiganjani.

– Kaka, alisema Chaji.

– Naam.

– Saa tisa imefika.

Patasi akageuka. Ilimchukua muda kuelewa anadaiwa nini. Akahamisha kipande cha mbao mkono wa kushoto, akampa wa kulia.

– Habari za tangu asubuhi, mdogo wangu?

– Sasa ni nzuri, alisema Chaji, na hakuuachia ule mkono haraka.

Birika lilikuwa tupu, saluni ya Wembe ilikuwa na mtu anayeita, na hakuna aliyeinuka.