Mama Kola, Aliyeshona Mavazi ya Watu wa Kale

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, nimesimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi nikiwa kitinda mimba wa wazazi wetu, ili niwaeleze kwa kifupi maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wafanyakazi wenzake walimwita Mama Kola, majirani mlimwita mama wa ghorofa ya tatu, na wengine, mnaotusikiliza kupitia simu hii iliyowekwa kwenye kiti cha mbele, mlimjua kwa maandishi na kwa picha za mikono yake tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa posta, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba yetu akiwa mpanga barua na mama yetu mfua nguo wa hospitali. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaanza sekondari, lakini baba alipofariki mwaka 1972 ilibidi aache masomo ili sisi wadogo tuendelee, akaenda kujifunza ushonaji kwa mwaka mmoja, na tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati.

Katika kiwanda hicho alishona kola, na kola peke yake, kwa sababu wenzake wengine walishona mikono, wengine mifuko, na shati zima lilikamilika kwenye meza ya mwisho ambayo yeye hakuwahi kuikalia, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2003, akahamia duka la mapazia, ambako alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2015. Mtu akimuuliza kama ni fundi wa nguo alikuwa akijibu, "Mimi ni fundi wa shingo, mwili muulize mwingine."

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa malori ya masafa, mtu wa kicheko kikubwa na wa kukaa nyumbani kidogo, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1982. Shemeji alifariki kwa maradhi ya ini mwaka 1998, binti akasoma, akawa muuguzi, na mwaka 2012 akaenda kufanya kazi ng'ambo, na tangu hapo dada aliishi peke yake katika vyumba viwili, cherehani chini ya dirisha, redio ikiwaka kutwa nzima, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, nyumba isiyo na sauti humfanya mtu ajisikie kama ameazima viti.

Binti alimletea simu ya kisasa ili wazungumze, wakazungumza kila zamu za kazi ziliporuhusu, na siku moja mwaka 2016, alipokuwa akitafuta mtandaoni namna ya kushona pazia lenye marinda, dada akaangukia jukwaa la watu wanaopenda mavazi ya kale, watu wa nchi mbalimbali wanaoandikiana kwa lugha yetu, wanaochunguza picha na michoro ya nguo za miaka mia na mia mbili iliyopita, kisha wanazishona upya kama zilivyokuwa, mshono kwa mshono. Siku hiyo mtu mmoja alikuwa ameweka picha ya shati alilolishona, dada akaandika, "Kola hiyo imepinda, aliyeivaa angetazama kushoto maisha yake yote," na mwenye shati akajibu, "Aliyeivaa ni mimi, na kweli shingo inaniuma."

Mtu huyo jukwaani aliitwa Bwana Makoti, mjane, mkaguzi wa mabasi aliyestaafu, anayeishi juu ya duka la fundi viatu katika mji ambao hakuutaja, na kuanzia hapo wakaandikiana kila asubuhi wakati wa chai, kuhusu pindo na bitana, kuhusu magoti, kuhusu watoto walio mbali. Binti yake alipomuuliza, "Mama, unacheka na nani?" alijibu, "Na watu wangu." Bwana Makoti aliomba mara nyingi wazungumze kwa simu, dada akakataa, akimwambia kwamba sauti yake imechakaa kuliko mishono yake.

Ni katika jukwaa hilo alipopata moyo wa kushona nguo nzima, ya kwanza maishani mwake, gauni la hariri ya kijivu la mtindo wa miaka mia moja na hamsini iliyopita, alilolishona kwa mkono kwa zaidi ya miaka miwili na kulimaliza Oktoba 2019. Gauni lenyewe lilifungwa vifungo mgongoni, kuanzia kiunoni hadi shingoni, na Bwana Makoti alimshauri aviweke mbele, maana anaishi peke yake, lakini dada alimjibu, "Wenyewe walifunga nyuma, siwezi kuwasingizia marehemu." Wahenga walisema ajikunapo mtu ndipo ajipatapo, na mgongo huo dada alijaribu kuufikia kwa kila namna, akashindwa, akajitupia shuka mabegani, akashuka ngazi hadi ghorofa ya pili, akagonga kwa mke wa fundi magari, ambaye yuko nasi hapa, akasema, "Mama, samahani, naomba unifunge." Jirani huyo alinawa mikono yake iliyokuwa na unga, akafunga kifungo kimoja kimoja bila kuuliza swali, akampiga picha, akamwambia amependeza, na dada alinisimulia baadaye kwamba hakukumbuka mara ya mwisho kuguswa mgongo. Alipotaka kulivua, jirani alikuwa ameshatoka kwenda sokoni, basi dada akakaa ndani ya gauni lile kutwa nzima, hawezi kulala, hawezi kuinama, anakunywa chai amesimama wima kama askari wa zamu, na alipokuwa akinieleza alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

Mwezi Aprili 2021 Bwana Makoti alituma picha ya koti lenye mkono mmoja, akaandika, "Mkono wa pili kesho," na hakuandika tena. Dada alingoja, akauliza jukwaani, na ikaonekana kwamba katika watu wote wale waliompenda hakuna aliyejua jina lake, wala mtaa wake, wala ndugu yake hata mmoja. Nilikwenda kwake siku hizo kumtengenezea bomba la jikoni, akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza, "Mtu akifa na hujui jina lake, unakwenda kuhani nyumba gani?" nikamwambia, "Sijui, dada," akasema, "Basi kaza hilo bomba, linanipigia kelele." Hakushika sindano mpaka mvua zilipokwisha, hakuna aliyemletea chakula wala aliyekuja kukaa naye, kwa sababu hapakuwa na msiba ambao mtu angeweza kuuonyesha kwa kidole.

Kisha akaandika jukwaani jina lake kamili, mtaa wake na namba yangu ya simu, akasema, "Huyu ndiye mimi, na nyinyi semeni ni akina nani, nikinyamaza mpigieni mdogo wangu, msikae mkingoja." Wengine waliudhika wakaondoka, wakisema walikwenda pale kupumzika kutokana na majina yao, lakini wengi walifuata, mmoja baada ya mwingine.

Afya yake ilianza kudhoofika mwezi Mei 2024, miguu ikavimba, madaktari wakagundua moyo umetanuka, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitali, akiwanyooshea wauguzi kola zao kila walipoinama kumpima. Mwezi huu hali ilibadilika, binti akafika, dada akafumbua macho akauliza, "Nani kanishika?" akajibiwa, "Ni mimi, mama," akauliza, "Umefika lini?" akaambiwa jana, akasema, "Karibu," akalala. Alifariki dunia tarehe 11 Juni 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, ameacha binti mmoja na wadogo watatu.

Kesho yake simu yangu ililia, na sauti ya mama mmoja nisiyemjua ikasema, "Samahani, Mama Kola amenyamaza, na alituambia tukupigie," na tangu hapo simu hazijakatika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani wa jengo zima, na hasa mke wa fundi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani na wa duka la mapazia, na ninyi mlio kwenye simu, ambao hatukuweza kuwapa kiti wala maji ya kunywa, tunawahesabu kuwa wafiwa kama sisi. Na wewe Bwana Makoti, kama uko hai popote ulipo, tunakupa taarifa rasmi ya msiba, sisi nduguze, kwa sababu yeye alikosa mtu wa kumpa taarifa yako.

Dada, umetulea, umetusomesha, pumzika sasa, kwa amani.