Verlin Haugstad na Bastola Yake ya Risasi Tano

Marehemu Verlin Arne Haugstad alizaliwa hapa Petersburg, Alaska, tarehe 17 Mei 1949, mtoto wa pili wa mvuvi Arne Haugstad na mkewe Borghild. Siku hiyo mji wetu husherehekea asili yake ya Kinorwe kwa gwaride, na mpaka darasa la pili Verlin aliamini gwaride lile linapigwa kwa ajili yake. Hakuna aliyemsahihisha. Mimi dada yake mkubwa, Solveig, ninayesoma hapa, nakiri kosa hilo lilikuwa letu.

Alimaliza sekondari mwaka 1967 kwa alama zisizofaa kutajwa mazishini. Kuanzia 1969 hadi 2011 alikuwa fundi wa injini za boti, na fundi hodari, hilo halipingwi. Angeishia hapo tungemlilia vizuri zaidi.

Tarehe 12 Juni 1976 alimwoa Lorna Pruitt, aliyefundisha kwaya ya kanisa hili kwa miaka thelathini na moja. Walijaliwa binti mmoja, Karin.

Mwaka 2005 marehemu alinunua bastola ya silinda, nzito kama tofali, ya risasi tano nene kama kidole gumba. Aliivaa kifuani hata akienda posta. "Bunduki ndefu ni za watu wanaoogopa kumsogelea mnyama," alitangaza baa. Lorna alipobeba kopo lake la pilipili ya kumpulizia dubu, alimcheka: "Unakwenda kumpikia?"

Oktoba 2006, kando ya Mto Stikine, alimsogelea kulungu dume mkubwa hadi hatua kumi na tano, akafyatua. Bastola iliruka ikampasua Verlin paji la uso, akashonwa nyuzi nne. Kulungu alikimbia na mguu uliovunjika. Verlin alikaa chini akishika kichwa. Aliyefuata damu mpaka kesho yake asubuhi, akammaliza mnyama asiteseke, alikuwa Lorna, kwa bunduki kuukuu ya baba yake. Picha iliyoko baa inamwonyesha Verlin ameshika pembe. Lorna haonekani, maana ndiye aliyepiga picha.

Tarehe 9 Septemba 2008 walikuwa ndani ya gari lao, kwenye barabara ya msituni, dirisha la Lorna likiwa wazi. Dubu alitokea. Baa mlisikia kwamba alipanda juu ya boneti. Sivyo. Alikuwa hatua arobaini, anakula matunda, na hakuwatazama. Verlin alinyoosha mkono mbele ya uso wa mkewe, akafyatua risasi zote tano kupitia dirisha lile. Dubu aliondoka mzima. Lorna alitoka damu sikioni.

"Nimekuokoa, mke wangu!" alipiga kelele.

"Nini?" Lorna aliuliza.

Sikio lake la kulia halikusikia tena. Sauti za kwaya zilimjia zimekatika nusu, akawa hawezi kujua nani amepotoka sauti. Krismasi ile aliikabidhi kwaya kwa mtu mwingine. Verlin akanunua risasi nyingine.

Agosti 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliomba kufia nyumbani, bastola ikiwa chini ya mto. Ili imlinde na nini, hakusema. Mchana wa tarehe 31 Januari, Lorna alikuwa ameketi kulia... hapana, niseme sawasawa: ameketi sikio lake la kulia likimwelekea, akifuma. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la supu ya samaki. Nikamsikia ndugu yangu akisema polepole:

"Dubu yule alikuwa mbali, Lorna. Niliogopa tu. Nisamehe."

Lorna aliendelea kufuma. Verlin akageukia ukuta.

Nilimwinamia. "Hakusikia, mpumbavu wewe! Sema upande wa kushoto!"

Akanitazama kwa mshangao. "Kumbe ni la kulia?"

Miaka kumi na mitatu mezani pamoja, kitandani pamoja, na hakujua ni sikio gani.

"Basi rudia," nikamwambia.

"Siwezi kusema mara mbili, dada."

Hakurudia. Alifariki tarehe 3 Februari 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Nilipomweleza Lorna maneno yale, aliweka sindano zake mapajani. "Wifi," akasema, "kusema mara ya pili kungemuua?" Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Yeye ndiye aliyeniomba niyasome haya, nikiwa nimesimama kushoto kwake.

Marehemu ameacha mjane, Lorna, binti, Karin, wajukuu wawili, Leif na Maren, na dada aliyempenda bila kumheshimu. Bastola imo mikononi mwa polisi, kwa hiari ya mjane.

Lala, Verlin. Hakuna kinachokujia.