Maneno ya Kuipandisha Gesti ya Lukresia

Kijiwe cha kahawa cha Bariadi, kilichopakana na duka la intaneti la Danford, kina benchi moja la mbao na wabishi wa kutosha kujaza mabenchi matatu. Tangu soko la pamba liachiwe huria, kila msimu mji unafurika wanunuzi, na wanunuzi nao lazima walale. Lukresia alikuwa na gesti safi ya kung'aa, na tupu vilevile. Danford alishamtengenezea tovuti, lakini mtu akisachi gesti za Bariadi zinatangulia za wenzake wote. Yake iko mwisho kabisa, huko asikofika mtu. Asubuhi hiyo alikuja kijiweni kutafuta maneno ya kuipandisha. Moyoni alishajiapiza: msimu huu ukipita hivihivi, anafunga milango na kurudi kwao Dutwa kulima.

— Nipeni maneno, jamani, alisema. Danford anasema mashine ya kutafutia inasoma maneno. Ikiyapenda, inakupandisha.

— Mayu, mama yetu, hilo dogo! alidakia Masunga, ambaye wenzake walimbatiza Bungeni kwa kutokumaliza hoja. Andika "gesti". Andika tena "gesti". Jaza ukurasa mzima, gesti gesti gesti! Haba na haba hujaza kibaba.

— Ukirudia-rudia inakushtukia, Bungeni, alisema Danford. Inakushusha.

— Inashtukiaje? Ina macho?

Mahona, Mzee wa Ngoma, akatua kikombe. Huyu alicheza ngoma za mashindano mpaka magoti yakagoma. Zile za makundi mawili uwanja mmoja, mshindi ni yule aliyekimbiliwa na watu. Upande wake haukukosa watu hata siku moja. Lukresia akamsogelea.

— Nyie watoto, sisi dawa ya kuvuta watu hatukuianika juani. Tuliifukia chini ya uwanja. Watu wanakuja mbio, hawajui kilichowaita. Na hayo maneno yafukieni!

— Yafukiwe wapi, mzee? aliuliza Lukresia. Kwenye kompyuta?

— Ukurasa wake si mweupe? Andika kwa rangi nyeupe. Mtu haoni, mashine inaona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Danford alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Mzee, wapo wanaofanya hivyohivyo huko Ulaya! Wakikamatwa, wanafutwa kabisa.

— Umeona? Dawa ipo!

Bungeni hakukubali kupitwa.

— Basi andika "simba". Andika "tembo". Andika "ufukwe wa bahari".

— Bahari, Bariadi hii? aliuliza Danford.

— Mgeni akishafika atarudi na nini? Basi lililomleta si limeshaondoka! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Lukresia alicheka nao, kisha akaudhika kweli. Walikuwa wanachezea riziki yake.

— Mnataka wageni waje kunitukania mlangoni? Mimi sitaki uongo kwenye gesti yangu. Nataka neno moja tu linalofaa.

Ndipo mama mmoja kijana, mtoto mgongoni na begi mkononi, akasimama mbele yao.

— Shikamooni. Samahani, ninatafuta chumba cha kulala chenye neti. Huyu mtoto ndiyo kwanza katoka kuugua malaria. Gesti gani ina neti nzima?

Bungeni alimtazama Mahona, Mahona akatazama kikombe. Danford akamgeukia Lukresia taratibu, na Lukresia akaona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto. Neti zake zilichanika msimu uliopita, akazitoa zote, akasema atanunua nyingine wageni wakirudi.

Akainuka, akamgeukia muuza kahawa.

— Joakim, mmiminie huyu mama kahawa, nalipa mimi. Kaa, mdogo wangu, chumba kipo, nipe dakika chache tu. Na wewe Danford, andika: chumba cha kulala Bariadi, chenye neti.

— Mayu, si umesema hutaki uongo? Neti huna!

Lukresia alishajifunga kanga kiunoni, mguu mmoja uko barabarani kuelekea madukani.

— Andika polepole.