Hewa Ilikuwepo: Tukimkumbuka Ombeni wa Silver Spring

Wasikilizaji wapendwa, mlio Lanham na Rockville hapa Marekani, na hata Uvira kule Kongo, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Ombeni, mhudumu wa wazee, aliyetutoka mwezi uliopita.

Ombeni aliwakata wazee kucha huku akiwaimbia nyimbo za kwaya. Mfukoni hakukosa kile kidude cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni katika damu.

Jumapili ya mwisho ya maisha yake alipokea mfuko wa unga wa muhogo kutoka kwa dada yake, Jacqueline, aliye Uvira. Mgeni aliyeubeba alikuwa akiwahi ndege, kwa hiyo Jacqueline hakuuloweka muhogo ule mchungu siku zote zinazotakiwa. Aliukausha upesi, akausaga. Sumu ya sianidi ikabaki humo.

Ombeni alikula ugali wa unga huo peke yake. Mkewe, Séraphine, alikuwa amefunga kwa maombi. Baadaye akamkuta mumewe anahema kama aliyepanda mlima.

"Baba Neema, tuite ambulansi."

Ombeni akabana kidole kwa kile kidude. "Angalia, mama. Tisini na nane. Hii mashini haibembelezi mutu. Nilikula bugali mingi, ni ile tu."

Wakasubiri. Séraphine alipopiga simu, Ombeni alikuwa ameshazimia. Alifia hospitalini.

"Kama hewa ilikuwa nyingi, alikosa nini?" Séraphine aliniuliza.

Nilisoma biolojia, nikajaribu kumjibu. Oksijeni ilifika. Damu iliibeba hadi kwenye seli za mwili. Ndani ya seli, chakula huunguzwa kwa oksijeni ili tupate nguvu. Kuna kimeng'enya kinachoipokea oksijeni hiyo, na sianidi hukishika kisifanye kazi. Basi moyo na ubongo huishiwa nguvu, huku damu imejaa oksijeni. Narudia, wasikilizaji wapendwa: hewa ilikuwepo, seli hazikuweza kuitumia. Kile kidude kilisema kweli. Ila hakikuulizwa kama seli zinaitumia.

Poleni sana Séraphine, Neema na ukoo mzima. Nasi tutafakari. Mtu akihema vibaya, tuamini anavyohema kuliko namba. Tuite msaada mapema, tuseme amekula nini. Na muhogo mchungu tuupe siku zake, hata kama ndege inaondoka.

Neno la mwisho ni la Jacqueline. Tangu mazishi hapokei simu. Ukiwa karibu naye huko Uvira, mfikishie. Dada, Séraphine hapigi ili akulaumu. Anataka kukusimulia jinsi Ombeni alivyocheka alipofungua ule mfuko, akaunusa, akasema, "Jacqueline hajanisahau."